Bastola ya kwanza: tisa, arobaini au arobaini na tano?

Wiki jana tulipotoka msikitini baada ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono akanivuta pembeni. Ana duka la jumla, na mwaka huu amevamiwa mara mbili wakati wa kufunga hesabu. Ombi lake la leseni ya silaha limefika pazuri, na sasa anatakiwa aseme anataka bastola ya aina gani.

"Ami," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nichukue ya tisa au ya arobaini na tano? Nasikia ya arobaini na tano ukimgusa mtu nayo haamki."

Nilicheka, lakini si kwa kumdharau. Swali hilo hilo niliuliza mimi miaka 11 iliyopita. Nikajibiwa vibaya, nikachagua vibaya, na usiku mmoja nusura kosa lile linifuate hadi kaburini. Najua kijana huyu si peke yake, maana biashara zetu zinakua na hofu nayo inakua. Kwa hivyo nimeona yale niliyomwambia niyaandike hapa, ili mwenye kuyahitaji ayapate.

Simshawishi mtu yeyote anunue silaha. Wengi wanaodhani wanaihitaji wangefaidika zaidi na taa nzuri, mlango wa chuma na kupunguza pesa taslimu dukani. Nazungumza na yule ambaye ameshafikiri, ameshapita kwenye sheria, na sasa yuko mbele ya kaunta.

Sheria inaanza kabla ya risasi

Katiba yetu ya 2010 haina ibara inayompa raia haki ya kumiliki bunduki. Hiyo ni ruhusa tu, na ruhusa huweza kuondolewa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kununua wala kuwa na silaha au risasi bila cheti. Bodi ya kutoa leseni itataka kujua sababu yako, itataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi na ripoti ya daktari kuhusu afya yako ya akili. Mlevi hapewi. Mwishoni mwa 2018 Serikali iliamuru hata wale waliokuwa na leseni zamani wapigwe msasa upya.

Kuna jambo moja ndani ya sheria hiyo ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo linalogusa mada yetu. Cheti chako kinataja silaha yenyewe, na kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba huwezi kuamka siku moja ukasema hii siitaki, nipeni ile. Ukichagua aina ya risasi, umefunga nayo ndoa. Kuachana kunawezekana, lakini kuna safari za ofisini.

Kaliba ni nini hasa

Kaliba ni upana wa risasi, na ndio pia upana wa tundu la mtutu inamopita. Neno lenyewe asili yake ya mbali ni Kiarabu, na ni ndugu wa kalibu, kile chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Wazungu wa bara la Ulaya hupima kwa milimita, kwa hivyo wakasema 9. Wamarekani hupima kwa sehemu za inchi, kwa hivyo .45 ni kama asilimia 45 ya inchi, yaani karibu milimita 11.5. Na .40 ni milimita 10 na kidogo.

Lakini upana peke yake haukuambii mengi. Risasi ina kichwa kinachoruka, ina ganda la shaba, na ndani ya ganda mna baruti. Vichwa viwili vyenye upana sawa vinaweza kusukumwa na baruti tofauti kabisa. Hapo ndipo watu wanapopotea, na nitawapa mfano wa tisa.

Kuna risasi zaidi ya moja zinazoitwa tisa, nami nitataja tatu. Ya kwanza ni 9×19, ile ya Mwaustria Georg Luger aliyoitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, inayoitwa Parabellum. Ganda lake lina urefu wa milimita 19. Hii ndiyo inayotumiwa na majeshi ya NATO, na ndiyo inayoingia kwenye zile Ceska ambazo jina lake hatukosi kulisikia kwenye taarifa za polisi. Ya pili ni 9×17, ambayo Wamarekani huiita .380. Kichwa chake kina upana huo huo, ila ganda ni fupi na baruti ni kidogo. Ya tatu ni 9×18 ya Makarov, ya Warusi, na kichwa chake ni kipana kidogo kuliko hizo mbili.

Hazibadilishani. Soma maandishi yaliyochorwa ubavuni mwa mtutu na yale yaliyo kwenye kitako cha ganda. Yakitofautiana hata kidogo, weka chini.

Moja baada ya nyingine

Sasa tuzipange zote mezani, tuanze na ndogo.

.22 ni ndogo na teke lake ni kama kupigwa kofi na mtoto. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Kwa kujifunzia haina mpinzani, kwa sababu haikutishi na haikuchoshi. Lakini nguvu yake ni chache, na namna inavyowashwa, kwa kugongwa ukingoni mwa ganda, huifanya ikatae kulipuka mara nyingi kuliko hizi nyingine. Kwa kujilinda, si chaguo la kwanza.

.380 hurusha kichwa cha gramu 6 hivi kwa kasi ya karibu mita 290 kwa sekunde. Bastola zake huwa ndogo, zinaingia mfukoni, na dada zetu wengi huelekezwa huko na wauzaji. Nao huelekezwa bila kuambiwa kitu kimoja: bastola nyepesi hupiga teke vibaya hata kama risasi ni dhaifu, na baadhi ya hizi ndogo zina springi ngumu ambayo mkono mwepesi hupata taabu kuivuta nyuma.

Tisa, ile ya Parabellum, hurusha kichwa cha gramu 7.5 hadi 9.5. Kile chepesi huenda kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Bastola ya ukubwa wa kawaida hubeba nyingi: Glock 17, kama jina lake linavyodokeza kwa bahati tu, hubeba 17 kwenye magazini yake.

.40 ni ya juzi juzi, ilitoka 1990. Kichwa cha gramu 11.7 hivi, kasi ya karibu mita 300. Mara nyingi hutiwa kwenye bastola ya umbo lile lile la tisa, kwa hivyo teke lake ni kali na la ghafla.

.45 ni ya John Browning, na bastola yake maarufu iliingia jeshi la Marekani mwaka 1911. Kichwa chake ni kizito, karibu gramu 15, lakini huenda polepole, mita 255 au 260 kwa sekunde. Ile bastola ya 1911 hubeba 7 tu kwenye magazini yake ya asili.

Ukipiga hesabu ya nishati, utashangaa. Tisa na arobaini na tano za kawaida zinakaribiana sana. Moja ni nyepesi na ina kasi, nyingine ni nzito na inakwenda taratibu. Zinapoachana ni kwenye teke. Kwa bastola zenye uzito sawa, arobaini na tano husukuma mkono wako nyuma kwa zaidi ya thuluthi moja juu ya tisa. Na bastola yenyewe ikiwa nusu ya uzito, teke huongezeka maradufu kwa risasi ile ile. Ndiyo maana mimi husema usiniulize risasi peke yake, niambie na bastola utakayoitia.

Walioizunguka dunia wakarudi

Kijana wangu aliposikia hivyo akasema, "Lakini ami, Wamarekani si ndio wanaojua bunduki? Mbona wao wanapenda kubwa?"

Ni kweli walizipenda. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya tisa ilikuwa imempata jambazi mapema, ikapita mkononi ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni. Yeye akaendelea kupigana. FBI ikailaumu ile risasi. Wakatafuta kubwa zaidi, wakajaribu ya milimita 10, ikawa kali mno kwa maafisa wengi, ikapunguzwa nguvu, na hapo ndipo .40 ilipozaliwa. Idara nyingi za polisi nchini humo zikaifuata.

Miaka ikapita. Watengenezaji wakaboresha vichwa vya risasi, hasa vile vyenye tundu mbele ambavyo hupanuka vikigonga. FBI hupima kwa kufyatulia kwenye jeli maalumu, na wanataka risasi izame kati ya inchi 12 na 18. Tisa mpya ikawa inafaulu kipimo hicho. Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaandika kwamba ni bora kurudi kwenye tisa, kwa sababu maafisa hulenga vizuri zaidi nayo, hufyatua ya pili haraka zaidi, na hubeba nyingi zaidi. Jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa limeiacha .45 kama bastola yake ya kawaida tangu 1985, na lilipobadilisha bastola tena 2017, halikubadilisha kaliba. Ni tisa.

Kwa hivyo waliokuwa na pesa, maabara na viwanja vya mazoezi walizunguka karibu miaka 30 wakarudi walipoanzia. Mimi na wewe hatuna haja ya kuanza mzunguko huo upya.

Kosa langu

Mimi sikuwa na habari hizo. Nilikuwa nimevamiwa, nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilikuwa na aibu. Mtu aliyepigwa magoti mbele ya wafanyakazi wake hatafuti bastola, anatafuta ukubwa. Muuzaji mmoja akaniambia ya arobaini na tano ndiyo ya mwanamume. Nikaichukua.

Ilikuwa nzito kiunoni, na kwa joto letu hili la Pwani shati jepesi haliifichi. Risasi zake sikuzipata kwa urahisi. Nilikuwa naambiwa subiri, rudi mwezi ujao. Na zilipopatikana zilikuwa ghali kuliko za tisa, kwa hivyo nilizibania kama sukari ya Ramadhani. Uwanjani nilikuwa nikifyatua tano sita, mkono unauma, narudi nyumbani. Mwaka mzima nilifyatua labda risasi 30. Nilijihesabu mtu mwenye silaha. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtu mwenye chuma.

Usiku mmoja, saa nane, nikasikia hatua kwenye ukumbi. Nikafungua kasha la chuma, nikaitoa, nikasimama mlangoni gizani. Mkono unatetemeka, kidole kimeshaingia mahali ambapo hakikutakiwa kuingia. Nikaona kivuli cha mtu kimeinama. Kitu gani kilinifanya niseme badala ya kufyatua sijui, ila Mungu. Nikasema, "Nani?"

"Ni mimi, ami."

Alikuwa mtoto wa ndugu yangu, ametoka Lamu, basi limechelewa. Mama yangu alikuwa amemfungulia mlango wa nyuma bila kutuamsha. Alikuwa ameinama anavua viatu ili asitusumbue. Na nyuma yake, hatua tatu, ulikuwa mlango wa chumba cha mama. Mlango wa plaiwudi.

Sikulala hadi alfajiri. Wala nisikudanganye: hata tisa ingeupita mlango ule, hata .380. Risasi zote hizi za bastola hupita plaiwudi na mabati bila kuuliza. Hakuna kaliba inayofanya kosa kuwa dogo. Nilichokosa ni mazoezi, taa na utaratibu, na bastola niliyoichagua ilikuwa imenifukuza kwenye mazoezi tangu siku ya kwanza.

Mzee na karatasi mbili

Wiki ile nilikwenda kwa mzee mmoja, askari mstaafu, anayefundisha kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Nikamweleza. Hakunigombeza. Akaweka karatasi mbili umbali wa mita 7, akaniambia, "Haya bwana, kumi na yako, kumi na hii." Ile ya pili ilikuwa ya tisa, ya ukubwa wa kawaida.

Kwa arobaini na tano niliingiza 4 ndani ya duara. Kwa tisa, 8. Na hizo 8 nilizifyatua kwa muda mfupi zaidi. Akaning'inizia karatasi zote mbili mbele ya uso akasema, "Zile 6 zilizokosa za karatasi hii ya kwanza, niambie zimekwenda nyumbani kwa nani."

Swali hilo nalisikia hadi leo. Nikaanza safari za ofisini, cheti kikabadilishwa, bastola ikarudi kupitia muuzaji mwenye leseni, nikachukua ya tisa. Nimefyatua nayo kwa mwezi zaidi ya nilivyofyatua ile nyingine kwa mwaka.

Namna ya kuchagua

Nilimpa kijana wangu mambo manne, na nayaweka hapa kwa ufupi.

Kwanza, mkono wako. Nenda uwanjani, chini ya macho ya mwalimu, ujaribu kaliba zaidi ya moja kabla ya kuandika chochote kwenye fomu. Usihesabu risasi ya kwanza, maana ya kwanza kila mtu hubahatisha. Angalia ya tano na ya sita ziliingia wapi. Kama unafumba macho kabla ya kufyatua, kaliba hiyo si yako kwa sasa.

Pili, upatikanaji. Muulize muuzaji ni risasi gani anazo leo na alikuwa nazo miezi sita iliyopita. Tisa hutengenezwa kwa wingi kuliko nyingine zote za bastola kubwa, kwa sababu majeshi na polisi wa nchi nyingi huinunua. Ndiyo maana kwa kawaida ni rahisi zaidi kuipata na kuilipia. Risasi usizoweza kuzipata ni mazoezi usiyoyafanya.

Tatu, watakaokuwa nyuma ya shabaha. Nyumba zetu zimebanana, vichochoro vyetu ni vyembamba, na usiku watu hulala barazani kwa joto. Kila risasi inayotoka ina mwenyewe, nawe ndiye mwenyewe. Risasi ya kichwa kigumu hupenya zaidi kuliko ile inayopanuka. Tumia aina iliyoruhusiwa kwenye cheti chako, lakini usidhani kuna aina itakayokuondolea wajibu wa kujua kilichoko nyuma.

Nne, bastola yenyewe. Kwa anayeanza, ya ukubwa wa kawaida, yenye uzito kiasi, ni mwalimu mzuri kuliko kidogo cha mfukoni. Teke hupungua, macho hayafumbi, na unajifunza.

Ukiyajumlisha hayo, wengi wataishia kwenye tisa. Mwenye mikono dhaifu au maumivu ya viungo anaweza kufaa zaidi na .380, mradi bastola isiwe nyepesi mno. Aliyeizoea .45 kwa miaka na anaiweza, mimi ni nani nimwambie aiache? Lakini huyo si mnunuzi wa bastola ya kwanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hata mkulima hachukui jembe asiloweza kuliinua.

Jumamosi nitamsindikiza kijana wangu kwa mzee. Ameshaacha kuniuliza ipi inaua, sasa anauliza ni risasi ngapi atazimudu kwa mwezi, na hayo ni maendeleo. Jambo moja bado hajanijibu. Ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu na ameshajua kupanda juu ya kabati. Nimemuuliza bastola hiyo, ya tisa au ya arobaini na tano, ataiweka wapi. Akaniambia atafikiri. Asiponijibu kabla ya Jumamosi, hatutakwenda.